Usizime Faiawoli kwa Sababu ya Printa

Printa ikikataa kuonekana kwenye kompyuta, mchezo wa watu wawili ukigoma kuunganika, au programu ya mahesabu ya duka ikishindwa kuwasiliana na kompyuta ya pili, ushauri wa kwanza utakaoupata kwa fundi, kwa ndugu au kwenye video za mtandaoni ni uleule: zima faiawoli kwanza, halafu jaribu tena. Mara nyingine ushauri huo unafanya kazi, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Printa inachapa, fundi analipwa, na hakuna anayekumbuka kuiwasha tena. Kompyuta inatumika miezi na miaka bila kinga iliyokuja nayo, na mwenyewe hana habari, kwa kuwa faiawoli iliyozimwa haionyeshi dalili yoyote katika kazi za kila siku. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba mtumiaji wa nyumbani hana haja ya kununua faiawoli wala kusomea ufundi wake. Ile iliyomo tayari ndani ya kompyuta yake inamtosha. Kinachoamua kama inamlinda au haimlindi ni ruhusa alizozitoa yeye mwenyewe, moja baada ya nyingine, kwa miaka. Kuizima ni kutoa ruhusa zote kwa mpigo.

Tuanze na kazi inayofanya. Kompyuta iliyo mtandaoni hutuma na kupokea habari katika vipande vidogo viitwavyo pakiti. Kila pakiti hubeba anwani ya ilikotoka, anwani ya inakokwenda, na namba ya mlango. Milango hii haishikiki. Ni namba tu, kuanzia 0 hadi 65,535, zinazoiwezesha kompyuta kujua pakiti hii ni ya programu gani. Tovuti zenye usalama hutumia mlango namba 443. Kompyuta za Windows zikishirikiana mafaili hutumia 445. Anayeiendesha kompyuta yake akiwa mbali, kwa huduma iliyomo ndani ya Windows, hupitia 3389. Faiawoli huangalia kila pakiti na kujiuliza jambo moja la msingi: mazungumzo haya yameanzishwa na nani? Ukifungua tovuti ya gazeti, aliyeanza kuita ni kompyuta yako, kwa hiyo majibu yanaruhusiwa kuingia. Pakiti ikija yenyewe bila kuitwa, inatupwa kimya kimya, isipokuwa kama kuna ruhusa iliyokwisha kuandikwa kwa ajili yake. Huo ndio utaratibu ambao Windows huja nao: kinachotoka kinapita, kinachoingia bila kuitwa kinazuiwa. Ndiyo maana mtu anaweza kusoma barua, kutazama mpira na kulipa ada za watoto mtandaoni mwaka mzima bila kujua kwamba faiawoli ipo.

Uzito wa utaratibu huo ulidhihirika mwaka 2003. Windows XP, iliyotoka Oktoba 2001, ilikuwa na faiawoli ndani yake tangu mwanzo, lakini ilikuja imezimwa, tena imefichwa katika mipangilio ambayo watu wachache waliwahi kuifungua. Tarehe 16 Julai 2003 kampuni ya Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu katika huduma mojawapo ya Windows, iliyokuwa ikisikiliza kwenye mlango namba 135. Tarehe 11 Agosti, kabla hata mwezi haujatimia, kirusi kilichoitwa Blaster kikaanza kusambaa kupitia tundu hilohilo. Hakikumhitaji mtu abonyeze chochote, wala afungue barua yoyote. Ilitosha kompyuta iwe imewashwa na imeunganishwa. Mwenye kompyuta aliona kisanduku kikimtangazia kwamba mfumo unazimika, sekunde 60 zikihesabiwa kurudi nyuma; kompyuta ilipowaka na kuunganishwa tena, kisanduku nacho kilirudi. Dawa yenyewe ilikuwa mtandaoni, na kila aliyejaribu kuipakua alizimikiwa na kompyuta kabla haijamaliza kushuka. Mojawapo ya njia za kutoka katika mtego huo ilikuwa kwenda kwenye ile mipangilio iliyofichika, kuiwasha faiawoli, ndipo kuingia mtandaoni kuchukua kiraka.

Mwaka uliofuata mambo yakajirudia. Kiraka kilitolewa tarehe 13 Aprili 2004, na tarehe 30 ya mwezi huohuo kirusi cha Sasser, kilichoandikwa na mwanafunzi mmoja wa Ujerumani, kikaanza kuingia kwenye kompyuta kupitia mlango namba 445. Wakati huo taasisi ya SANS ya Marekani ilikadiria kwamba kompyuta ya Windows isiyo na viraka wala kinga, ikiunganishwa moja kwa moja na intaneti, ingedumu kwa wastani wa dakika 20 tu kabla ya kushambuliwa. Dakika 20 hazikutosha kupakua viraka vilivyohitajika, hata kwa wenye intaneti ya kasi. Agosti 2004 Microsoft ikatoa sasisho kubwa la XP, maarufu kwa jina la Service Pack 2, na humo faiawoli ikawa imewashwa tangu mwanzo kwa kila mtu. Iliwekewa pia kinga ya zile sekunde chache za kuwaka, ambapo zamani mtandao ulikuwa ukifunguka kabla faiawoli haijaanza kazi. Kwangu huu ndio ushahidi mzito kuliko wote. Tundu lilikuwa moja kwa wote, na kompyuta zilikuwa za aina moja. Aliyekuwa amewasha swichi alipona, na aliyeikuta imezimwa akaiacha hivyo alianguka.

Virusi vya namna hiyo havikuisha baada ya hapo, ila njia zake zilibanwa. Conficker, kilichojitokeza Novemba 2008, kinafundisha zaidi kuliko Blaster, kwa sababu matoleo yake ya baadaye yalikuwa na njia tatu. Ya kwanza ilikuwa mlango namba 445, kupitia tundu ambalo kiraka chake kilikuwa kimetolewa tarehe 23 Oktoba mwaka huo. Ya pili ilikuwa kubahatisha nywila dhaifu za kompyuta zilizo kwenye mtandao mmoja. Ya tatu ilikuwa flashi: kilijinakili humo na kusubiri ichomekwe kwenye kompyuta nyingine. Faiawoli iliyowashwa ilifunga njia ya kwanza na kuibana ya pili, lakini ya tatu haikuweza kuigusa. Njia hiyo ya tatu tunaijua vizuri Afrika Mashariki. Ndiyo iliyopitiwa na virusi vya shotikati, vile vinavyoficha mafaili yaliyomo kwenye flashi na kuacha njia za mkato zenye majina yaleyale, flashi ikitembea kutoka saiba hadi stesheneri na kutoka stesheneri hadi nyumbani. Mtu aliyepoteza tasnifu yake kwa namna hiyo ana haki ya kuuliza faiawoli ilikuwa wapi. Jibu la kweli ni kwamba ilikuwa kazini, lakini mgeni hakupita kwenye mlango wowote wa mtandao.

Lipo pingamizi ambalo wajuzi wengi hulitoa, nalo lina nguvu. Wanasema mambo ya 2003 yamepitwa, kwa kuwa siku hizi karibu hakuna kompyuta ya nyumbani inayoonekana moja kwa moja kwenye intaneti. Ni kweli. Anwani za intaneti za mfumo wa zamani ni takriban bilioni 4.3, na hazitoshi vifaa vya dunia hii. Kwa hiyo ruta ya nyumbani hutumia anwani moja ya nje kwa ajili ya vifaa vyote vya ndani, na kampuni za simu hufanya vivyo hivyo kwa wateja wengi kwa pamoja. Pakiti isiyoitwa ikifika kwenye ruta, ruta haijui ni ya kifaa gani, basi inaitupa. Huku kwetu jambo hili limewakinga watu wengi bila wao kujua. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulipoanza kazi Julai 2009, na ule wa EASSy mwaka 2010, intaneti ya kupimwa kwa dakika ilianza kuwa intaneti ya kutwa nzima. Walioipata wengi waliipata kwa modemu na simu za mkononi, nyuma ya anwani za pamoja za kampuni za simu. Mtu anayetumia bando kwa kuunganisha laptopu yake na simu hafikiki kirahisi kutoka nje. Kwa nini basi asumbuke na faiawoli?

Kwanza, kwa sababu kinga hiyo ni tokeo la uhaba wa anwani, si ahadi aliyopewa na mtu. Mfumo mpya wa anwani, ambao unaingia taratibu, una anwani za kutosha kumpa kila kifaa yake, na uhaba ukiisha, ukuta uliotokana na uhaba nao unakwisha. Kitakachobaki ni faiawoli halisi, ya ruta au ya kompyuta. Pili, na hili ndilo kubwa, ruta humzuia aliye nje tu. Walio ndani haiwahusu. Laptopu ya mwanafunzi kwenye waifai ya hosteli ina majirani mamia asiowajua. Ikipelekwa mgahawani au kwenye chumba cha kusubiria ndege, ina majirani wengine. Hata nyumbani kwenyewe ndani hakuko salama kama tunavyodhani. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera za ulinzi na ruta kwa wingi duniani, kwa kujaribu tu orodha fupi ya majina na nywila za kiwandani ambazo wenye vifaa hawakuzibadilisha. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti nyingi maarufu zikakosa kupatikana kwa saa kadhaa. Kamera ya bei nafuu uliyoifunga getini inakaa kwenye mtandao mmoja na kompyuta yako. Ikitekwa, adui anakuwa ndani ya ruta, na kizuizi pekee kati yake na mafaili yako ni faiawoli ya kompyuta yenyewe.

Anayedhani hofu hiyo imetiwa chumvi aitazame tarehe 12 Mei 2017. Kirusi cha WannaCry, kinachofunga mafaili na kudai fidia, kilivamia kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, na nchini Uingereza hospitali zililazimika kuahirisha matibabu na kuwarudisha wagonjwa. Mlango ulikuwa uleule wa tangu Sasser, namba 445, na kiraka kilikuwa kimetolewa tangu tarehe 14 Machi. Kirusi kilipokwisha kuingia kwenye mtandao wa taasisi kilihama kutoka kompyuta moja hadi nyingine bila kumsubiri mtu yeyote, kwa sababu ndani ya taasisi kompyuta zilikuwa zimefunguliana mlango huo ili kushirikiana mafaili. Hiyo ni ruhusa iliyotolewa zamani kwa sababu nzuri, ikasahaulika, na haikuondolewa hata haja yake ilipokwisha.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Watu wanaibiwa kila siku, lakini wengi wao hawaibiwi kwa pakiti zisizoitwa. Wanaibiwa kwa barua pepe za uongo, kwa programu walizozipakua wenyewe, na kwa zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Kama wizi umehamia huko, faiawoli ina faida gani? Nakubali sehemu kubwa ya hoja hiyo. Faiawoli ni kama mlinzi wa geti: humzuia asiyealikwa, lakini mgeni aliyeingia ameshikwa mkono na mwenye nyumba hampekui. Programu uliyoipakua ukaifungua mwenyewe iko ndani tayari, na ikitaka kupeleka nywila zako nje, Windows katika mpangilio wake wa kawaida haitaizuia, maana kinachotoka kinaruhusiwa. Hali ni hiyohiyo kwa programu za kuendesha kompyuta kwa mbali kama AnyDesk na TeamViewer. Hizi ni programu halali na zenye manufaa, lakini tapeli anayekupigia simu akijifanya mhudumu wa kampuni kubwa atakuomba uweke mojawapo na umsomee namba inayoonekana kwenye kioo. Mawasiliano hayo huanzia kwako kwenda nje, na kwa hiyo faiawoli huyaona kuwa safari yako mwenyewe. Mtu anayesema yuko salama kwa kuwa faiawoli imewashwa amekosea sawa na yule anayeizima kwa kuwa haioni kazi yake.

Ila tusisahau kwa nini wezi walihama. Walihamia kwenye udanganyifu kwa sababu, pamoja na mambo mengine, milango ya mtandao ilifungwa kwa mamilioni ya kompyuta kwa wakati mmoja, bila kumdai mtumiaji chochote. Atakayeifungua tena anawarudishia njia iliyo rahisi kuliko zote, njia isiyohitaji hata kumshawishi mtu. Kinga inayofanya kazi vizuri kiasi cha kusahaulika ndiyo iliyo rahisi kuondolewa, kwa kuwa hakuna anayeona inachokizuia.

Sasa tukiangalie kwa karibu kile kisanduku ambacho karibu kila mwenye Windows amewahi kukutana nacho. Umefungua programu mpya, labda ya muziki au ya simu za video, na mara kinatokea kisanduku kikieleza kwamba faiawoli imeizuia kwa sehemu, na kinakuuliza kama iruhusiwe kwenye mitandao ya aina mbili, "Private" na "Public". Wengi hubonyeza kuruhusu bila kusoma, wakihofia kwamba wakikataa programu haitapata intaneti. Hofu hiyo haina msingi. Kisanduku hakiulizi kama programu iende mtandaoni. Kwenda nje tayari imeruhusiwa. Kinauliza kama watu wengine mtandaoni waruhusiwe kuanza kuiita wenyewe. Programu ya muziki haina haja kubwa ya kuitwa na mtu, na ukiikatalia itaendelea kupiga nyimbo. Simu za video nazo kwa kawaida hupita, maana huanzishwa kutoka ndani. Jibu la kwanza liwe kukataa. Kukubali kuna maana pale tu ambapo umetoka kufanya jambo linalohitaji wengine wakufikie: umefungua folda ili mwenzako aisome, umeishirikisha printa iliyochomekwa kwenye kompyuta yako, au wewe ndiye mwenyeji wa mchezo. Na hata hapo weka alama kwenye "Private" peke yake.

Maneno hayo mawili yanastahili kueleweka, kwa kuwa ndiyo yanayotatua nusu ya matatizo ambayo watu huyatatua kwa kuzima kila kitu. "Private" ni mtandao ambao unawajua walio ndani yake: nyumbani kwako, au ofisi ndogo ya watu mnaoaminiana. "Public" ni mtandao mwingine wowote, hata uwe na nywila, hata uwe wa hoteli ya kifahari. Kwenye "Public" kompyuta hujificha, haijibu inapotafutwa na haishiriki mafaili. Hapa ndipo penye siri ya printa. Kuchapa ni safari ya kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye printa, na kwa kawaida faiawoli haiizuii. Kinachokwama mara nyingi ni hatua ya kutafutana, kwa sababu waifai ya nyumbani imesajiliwa kama "Public". Ukibadili waifai hiyo ya nyumbani kuwa "Private", printa inajitokeza na faiawoli inabaki imewashwa. Kama printa imechomekwa kwa waya kwenye kompyuta nyingine, ruhusa inayohitajika ni moja tu, ya kushiriki mafaili na printa, tena itolewe kwenye ile kompyuta yenye printa. Kazi yote ni ya dakika tano. Fundi anayesema haiwezekani ila kwa kuzima faiawoli hajaitafuta sababu, na mteja ana haki ya kumwambia aitafute.

Ipo sababu nyingine ya kuzima faiawoli inayosemwa kwa sauti ya chini. Windows na Office zisizo na leseni zimejaa katika nchi zetu, na programu za kraki zinazotumika kuzifungua huja na maelekezo yanayofanana: zima antivairasi, zima faiawoli, ndipo ufungue faili hili. Sitamlaumu mwanafunzi ambaye bei ya leseni ni kubwa kuliko posho yake ya mwezi. Lakini na alitazame ombi lenyewe. Programu isiyojulikana mwandishi wake inataka ipewe mamlaka yote ya kompyuta, na sharti lake la kwanza ni kwamba walinzi waondoke. Hata kama leo haina nia mbaya, mtumiaji hana namna ya kulijua hilo, na kinga zilizoondolewa mara nyingi hazirudishwi. Tena hasara anayoikimbia ni ndogo kuliko anavyodhani. Windows ambayo leseni yake haijathibitishwa huendelea kuwaka, hupokea masasisho ya usalama, na faiawoli yake hufanya kazi. Kinachokosekana ni mambo kama kubadili mapambo ya kioo, na kinachoongezeka ni maandishi ya kukumbusha yanayokaa pembeni. Kwa kazi za kuandika na mahesabu ipo LibreOffice, ambayo ni ya bure kihalali, na kwa anayetaka kuachana na Windows kabisa ipo Linux.

Wengine hukosea upande wa pili: wanaamini kinga ikizidi ndiyo nzuri, basi wanarundika faiawoli mbili tatu. Mbili zikifanya kazi moja kwenye kompyuta moja zinaweza kugongana, na hitilafu ya kwanza ikitokea mwenyewe anazima zote. Zaidi ya hapo, kila programu ya usalama nayo ni programu, na inaweza kuwa na tundu. Machi 2004 kirusi kilichoitwa Witty kilianza kusambaa muda mfupi tu baada ya tundu lililolengwa kutangazwa. Waathirika wake walikuwa wale waliokuwa wameweka bidhaa za ulinzi za kampuni moja ya Marekani, ikiwemo faiawoli iliyopendwa sana na watumiaji wa nyumbani. Kompyuta zipatazo 12,000 ziliambukizwa katika muda wa chini ya saa moja, na kirusi kikaanza kufuta vipande vya diski zao. Hao walikuwa watu wanaojali usalama kuliko majirani zao. Sisemi kwamba faiawoli za kununua hazina maana. Ofisi yenye seva na mtaalamu wa kuzisimamia inaweza kuzihitaji. Nasema kwamba nyumbani, faiawoli inayosasishwa pamoja na mfumo mzima ina faida kubwa kuliko ile ambayo muda wake wa majaribio umekwisha na imebaki kukumbusha malipo. Na tangazo lolote linalojitokeza kwenye tovuti likidai kompyuta yako imeambukizwa na likakupa faiawoli ya kupakua, lifunge. Hakuna tovuti inayoweza kuikagua kompyuta yako kwa namna hiyo.

Kwa wenye Mac jambo ni fupi: faiawoli yake ipo lakini kwa miaka mingi imekuja imezimwa, kwa hiyo nenda kwenye mipangilio ya mtandao ukaiwashe. Ubuntu nayo inayo, jina lake ufw, na huja imezimwa vilevile. Kwenye ruta, badilisha nywila ya kiwandani leo, na uzime huduma ya UPnP kama hakuna anayeihitaji, kwa sababu huruhusu programu iliyo ndani kujifungulia mlango wa nje bila kukuuliza.

Kwenye Windows, andika neno "firewall" katika sehemu ya kutafutia. Ukurasa utakaofunguka huonyesha aina za mitandao, na kila moja iwe imeandikwa kwamba imewashwa. Chini yake kuna kiungo cha kwenda kwenye orodha ya programu zilizoruhusiwa, na hapo ndipo pa kukaa kidogo. Mtu aliyetumia kompyuta miaka mitatu atakuta michezo aliyokwisha kuifuta, programu za fundi wa zamani, na majina asiyoyakumbuka. Ondoa alama kwa kila usichokijua, hasa kwenye safu ya "Public". Ukiona orodha imevurugika kupita kiasi, kipo kitufe cha kurudisha faiawoli katika hali yake ya mwanzo. Ruhusa za kweli utaulizwa upya na safari hii utazijibu ukizielewa. Ukiwa safarini, kipo pia kisanduku cha kuzuia kila kinachoingia, hata kwa programu zilizo kwenye orodha, na kuvinjari kwako hakutabadilika.

Linabaki swali la wenye kompyuta kuukuu. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi zinazouzwa mitumba haziwezi kupokea Windows 11. Je, faiawoli itatosha kuziba pengo la viraka vitakavyokosekana? Kwa matundu yanayofikiwa kupitia mlango wa mtandao, itasaidia sana, kama ilivyowasaidia walioiwasha wakati wa Blaster. Kwa matundu yaliyo ndani ya kivinjari au kwenye faili ulilolifungua mwenyewe, haitasaidia chochote. Microsoft imeweka utaratibu wa kuongeza muda wa viraka kwa watumiaji wa nyumbani, na anayeweza kuutumia autumie. Asiyeweza, na bado anaihitaji mashine hiyo kwa kazi za shule au za duka, aweke mitandao yote kuwa "Public", azuie kila kinachoingia, aache kushirikisha folda, na mambo ya benki ayafanyie kwenye kifaa kingine ambacho bado kinapokea masasisho.